Mzee auze shamba la michikichi ili binti akasomee uuguzi?

"Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Ujiji. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, Kemia na Bayolojia ana C, Fizikia ana D. Amepata nafasi ya stashahada ya uuguzi na ukunga kwenye chuo binafsi mkoani Tabora. Ada ni 1,600,000 kwa mwaka, lakini fomu ya kujiunga ina michango mingine mpaka kichwa kinauma. Nimekutumia picha yake. Mzee ana ekari mbili za michikichi Simbo, amepata mteja wa 3,500,000 na yuko tayari kuuza. Shamba lile kwa mwaka halikosi kumpa laki tisa. Mama anauza dagaa Kibirizi, anasema anaweza kutoa elfu hamsini kwa mwezi. Mimi nikijibana nitatoa laki. Je, tuuze? Na ni kweli serikali inakopesha hata watu wa diploma?"

Marahaba mwanangu. Hongera kwa mdogo wako, na nikupongeze na wewe, maana kaka anayekaa chini kusoma fomu ya dada yake ukurasa kwa ukurasa simuoni kila siku.

Jibu la swali la kwanza ni hapana, msiuze. Nitakueleza kwa hesabu, si kwa huruma.

Nimeifungua ile picha ya fomu nikaandika kila kitu kwenye karatasi. Ada 1,600,000. Hosteli 300,000. Mtihani wa Wizara 150,000. Mazoezi ya vitendo 200,000. Sare 120,000. Bima ya afya 50,400. Fedha ya tahadhari 50,000. Uhakiki wa ubora unaokwenda NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, 15,000. Kitambulisho 10,000 na serikali ya wanafunzi 10,000. Jumla yake ni 2,505,400. Hapo chakula hakimo. Angalia ukurasa wa tatu chini kabisa, kwa maandishi madogo: "mwanafunzi atajitegemea kwa chakula." Ukimwekea 4,000 kwa siku kwa miezi kumi, hiyo ni 1,200,000. Kisha kuna ile orodha ya vitu vya kubeba: godoro, ndoo, rimu mbili za karatasi, boksi la glovu, viatu vyeusi vya kufunika, stethoskopu, mashine ya presha, kipimajoto, saa ya kubandika kifuani. Nimeiwekea 250,000. Mwaka wa kwanza basi ni 3,955,400, nauli nje.

Mwaka wa pili na wa tatu vinapungua vile vinavyolipwa mara moja, yaani sare, tahadhari, kitambulisho na hivyo vifaa, unabaki na 3,525,400 kila mwaka. Miaka mitatu yote ni milioni kumi na moja na ushee. Najua namba hiyo inatisha, na ndiyo inayomfanya mzee akimbilie shamba.

Sasa geuza karatasi upande wa pili. Laki yako ya kila mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka. Shamba 900,000. Mama nimemhesabia miezi tisa, si kumi na miwili, kwa sababu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, na mwanamke wa Kibirizi hawezi kupanga pesa zake kana kwamba ziwa liko wazi mwaka mzima. Kwa hiyo mama ni 450,000. Mkiweka pamoja mna 2,550,000 kwa mwaka bila kumpigia mtu magoti. Pengo la mwaka wa kwanza ni 1,405,400. La mwaka wa pili 975,400, na la tatu hivyo hivyo. Kwa miaka yote mitatu mnatafuta 3,356,200.

Utasema, "Si ndiyo bei ya shamba hiyo?" Hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Mkiliuza mnapata 3,500,000 mkononi, lakini mnakosa ile laki tisa ya kila mwaka, na kwa miaka mitatu hiyo ni 2,700,000. Toa moja kwa nyingine. Kuuza shamba kutawaongezea 800,000 tu katika safari nzima, halafu siku binti anahitimu mzee hana mchikichi hata mmoja. Na michikichi ya Kigoma si ya kuuza kwa haraka wakati huu. Tangu serikali ianze kulisukuma zao hili mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kuanza kuzalisha mbegu bora ya michikichi iitwayo Tenera, anayenunua ekari mbili za Simbo anajua anachonunua.

Mzee akiona bado ni lazima shamba litoe pesa ya haraka, afadhali akodishe ekari moja kwa msimu mmoja, waandikishane ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi, na tarehe ya kurudisha iandikwe kwa maneno na kwa tarakimu. Hata hivyo hilo nisingelianza nalo.

Nimefundisha uuguzi miaka mingi katika mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, na kwa muda nilikuwa mlezi wa wanafunzi wa kike. Watoto hawaachi chuo mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza kila mtu anachanga, shangazi yupo, padri yupo, shamba limeuzwa. Wanaacha mwaka wa pili, mwezi wa tatu au wa nne, pesa ya shamba ikiwa imekwisha na hakuna kingine kinachoingia. Nilikaa kwenye kikao cha chuo kimoja, sitakitaja, tukamzuia binti asiingie kwenye mtihani kwa deni la 85,000. Alikuwa na alama nzuri kuliko wenzake wote wa darasa lile. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wote mwaka uliotangulia. Nilinyoosha mkono kukubaliana na kikao, na mpaka leo nasikitika kwamba niliunyoosha.

Ndiyo maana nataka mpange pesa kwa kalenda, si kwa jumla. Nenda na mdogo wako kwa mhasibu wa chuo siku ya kuripoti, kabla ya kulipa chochote, mwombe mpango wa awamu kwa maandishi. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu mbili au nne. Mwambie ukweli: kwetu pesa inaingia hivi, mwezi fulani chikichi zimekomaa, mwezi fulani ziwa limefungwa. Wazazi wa Urambo na Kaliua wanaolima tumbaku wanalijua hili kuliko sisi wa ziwani. Wao hupata malipo ya chama cha msingi katikati ya mwaka, wanayafungia pembeni mpaka chuo kifungue mwezi wa tisa au wa kumi. Nilimwona mama mmoja wa Ujiji akifika dirishani na noti alizofunga kwenye pindo la kanga, zinanuka dagaa, kila fungu na karatasi yake: hii hosteli, hii mtihani, hii ya Januari. Alichokuwa nacho siku ile hakikufika hata nusu ya ada. Binti yake alimaliza miaka mitatu bila kukosa mtihani hata mmoja, kwa sababu mhasibu alijua kila fungu litakuja lini.

Na mlipe kwa kontroli namba au kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Mtu akikwambia tuma kwenye namba yake ya simu "ili nafasi isipotee," huyo ni mwizi, hata kama anakaa ofisini.

Sasa mkopo. Ni kweli. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/24, kwa kozi za vipaumbele, na afya ni mojawapo. Mkopo huangalia chakula na malazi, ada, vitabu na viandikio, mahitaji maalumu ya kozi na mafunzo kwa vitendo, na kiasi anachopewa mtu hutegemea uhitaji wa familia. Si kila anayeomba anapata, na anayepata si lazima apate vyote. Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo wake. Usome mstari kwa mstari, hasa orodha ya kozi na ngazi zinazokubaliwa mwaka huo, kwa kuwa anayetokea kidato cha nne huanzia ngazi ya nne ya NTA, zile ngazi za tuzo za elimu ya ufundi, na kumalizia ya sita. Maombi yote ni kwa mtandao, kwenye mfumo wa Bodi wenyewe. Usimlipe kijana wa steshenari zaidi ya kazi ya kuchapa na kupakia karatasi.

Karatasi ndizo zinazowaangusha watu wa kwetu, siyo umaskini. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo vilevile. Fomu inahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa wakili au hakimu. Kama familia yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, weka namba ya kaya, usione haya, maana ni ushahidi mkubwa wa uhitaji. Kitambulisho cha Taifa kwa sisi wa mikoa ya mpakani huchelewa kwa sababu ya uhakiki wa uraia, kwa hiyo mzee kama hana namba ya NIDA alianze leo, au mtafute mdhamini mwingine aliye nayo.

Halafu majina. Nimeona binti akikosa mwaka mzima kwa herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu, cha kidato cha nne kinasema Zainab, na jina la babu lipo kwenye kimoja na halipo kwenye kingine. Wanaopitia maombi hawamjui Zainabu wako, wanaona watu wawili. Kurekebisha kunataka kiapo au hati ya majina, na hiyo ni wiki kadhaa ambazo dirisha la maombi halitakusubiri.

Kama mkopo utatoka, jua mambo mawili. La kwanza, pesa haitangulii mwanafunzi. Huja baada ya kufika chuoni na kusaini, na mara nyingi binti atakaa wiki kadhaa bila kuiona. Pesa za miezi miwili ya mwanzo ziwe mkononi. La pili, ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Wengi wanaogopa wakikumbuka hadithi za kaka zao ambao deni lilikuwa linavimba kila mwaka. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliondolewa mwaka 2021. Mimi namshauri mtoto yeyote wa mkulima akope bila woga, ilimradi asome.

Nije kwenye chakula, maana hapo nina maneno mengi.

Ile 1,200,000 ya chakula ndiyo inayoliwa kwanza na mambo mengine. Ada ina risiti na mhasibu anayeidai. Chakula hakina anayekidai isipokuwa tumbo la mtoto, na mtoto wa kike hasemi. Nikiwa mlezi nilikuwa nawajua kwa kuwatazama wodini saa nne asubuhi. Anayeshika ukingo wa kitanda cha mgonjwa, anayejibu polepole, yule hajala tangu jana mchana. Mwezi wa kumi na moja walikuwa wengi. Na mwezi huo huo ndipo anapotokea mtu mzima mwenye pikipiki nzuri anayejitolea "kumsaidia binti wa watu." Sisemi haya kukutisha. Nasema kwa sababu wewe ndiye kaka, na laki yako ya mwezi inalingana kabisa na chakula chake. Usiichanganye na ada. Mtumie yeye, kwa jina lake, kila tarehe ile ile, hata kama ni kwa mafungu mawili. Ada waachieni mzee na mama, na mkopo ukija.

Na mna bahati ambayo wenzenu wa mbali hawana: reli. Treni inayotoka Kigoma inapita Tabora. Gunia la unga wa muhogo, debe la maharage, dumu la mawese ya mzee mwenyewe, mfuko wa dagaa wa mama. Vifungwe vizuri, viandikwe jina, aende navyo anaporipoti, na vingine vimfuate mwezi wa kwanza akirudi likizoni. Chuo kikiwa nje ya mji, ongeza nauli ya basi kutoka stesheni. Wakiwa wanne chumbani wakapika kwa zamu, ile 4,000 ya siku inashuka mpaka 2,500. Kwa siku mia tatu hiyo ni 450,000 iliyookolewa, na pengo la mwaka wa kwanza linashuka hadi 955,400. Muulize mhasibu kama wanaruhusu kupika. Vyuo vingine vinakataza jiko chumbani lakini vina banda la kupikia nyuma ya hosteli.

Vifaa pia visiwaumize. Kila mwaka kuna wanaohitimu na stethoskopu nzuri, mashine ya presha inayofanya kazi, godoro lisilo na ubaya. Aulize wiki ya kwanza. Glovu na kipimajoto anunue vipya. Nguo za wodini ashonewe na fundi wa Ujiji kama chuo kinaruhusu, apewe sampuli ya kitambaa, kwa kuwa sare za kununulia chuoni mara nyingi zina bei ya juu.

Kuna njia nyingine tatu za kuangalia kabla hajaondoka.

Kwanza, je, aliomba vyuo vya serikali? Ada yake huwa chini ya vya binafsi. Udahili wa kozi za afya hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET na huwa na awamu zaidi ya moja. Sifa anazo: uuguzi unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Bayolojia na Fizikia. Dirisha la pili likiwa bado wazi, ajaribu. Asipopata aende alikopata. Sishauri akae mwaka mzima nyumbani akisubiri chuo cha bei nafuu. Mwaka ule una hatari zake, na wewe unaijua mitaa ya Ujiji kuliko mimi.

Pili, hospitali za makanisa. Mikoa yetu imejengwa afya na hospitali hizi: Kabanga kule Kasulu, Nkinga kule Igunga, Ndala kule Nzega, kila moja na chuo chake pembeni. Hospitali za mashirika ya dini zimekuwa na desturi ya kusomesha vijana na kuwafunga kwa mkataba wa kufanya kazi kwao miaka kadhaa. Mwandikie mganga mfawidhi barua ya ukurasa mmoja, ambatanisha matokeo na barua ya udahili, aipeleke binti mwenyewe. Parokia, usharika na msikiti pia, lakini omba kitu kimoja chenye bei. Ukiandika "tunaomba msaada wa masomo" utapata dua. Ukiandika "tunaomba 150,000 ya mtihani wa Wizara, ilipwe moja kwa moja chuoni kabla ya tarehe fulani," kuna mzee wa kanisa atakayeitoa.

Tatu, mama. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba. Haikopeshwi kwa ajili ya ada, na msiichukue kwa uongo. Lakini kama mama yuko kwenye kikundi cha wauza dagaa, mtaji ukiongezeka akanunua mzigo mkubwa wakati dagaa ni wengi na kuukausha vizuri, ataweza kutoa zaidi ya elfu hamsini hata ziwa likifungwa. VICOBA nayo ni hivyo hivyo, na mgao wa mwisho wa mwaka uangukie kabla ya awamu ya Januari. Mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku, ile wanayoiita kausha damu, msiikaribie kabisa.

Jambo moja mama yako na mzee lazima walijue mapema ili wasije wakavunjika moyo: kuhitimu si kuajiriwa. Akimaliza atafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ili apate leseni, na kuna ada zake, kwa hiyo wekeni laki kadhaa za mwaka wa nne. Ajira za serikali hutangazwa kwa vipindi, na kuna wanaosubiri. Wengi huanza kwa kujitolea au kwa mkataba kwenye hospitali binafsi na za makanisa. Na kabla ya yote hakikisha chuo hicho kina usajili wa NACTVET na kinatambuliwa na Baraza, maana cheti cha chuo kisichotambuliwa hakimfikishi kwenye chumba cha mtihani wa leseni.

Mimi nilisoma miaka ya themanini, serikali ikinilipia kila kitu mpaka sabuni. Sikujua bei ya elimu yangu. Watoto wa leo wanasoma bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, kisha wanakutana na milioni nne ghafla mlangoni mwa chuo. Ndiyo maana simlaumu mzee. Anataka kumaliza jambo kwa mkupuo mmoja, kama mwanamume.

Kaa naye jioni, mwonyeshe ile hesabu ya laki nane, umwombe amwambie mteja asubiri mpaka majibu ya Bodi yatoke. Na usiku huo huo mwambie mdogo wako alete cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, viwekeni mezani kimoja kando ya kingine, msome majina yote matatu herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, kesho asubuhi usianze na abiria, anza na wakili.